Goti la Farasi: Apumzishwe au Atembezwe?

Leo tuzungumze habari za farasi. Si mbio zake wala bei yake, bali kiungo kimoja cha mguu wake wa nyuma kinachozua ubishi mazizini kuliko kingine chochote. Farasi anatolewa bandani asubuhi, na mguu mmoja wa nyuma unabaki kulekule, umenyooka, haukunjiki. Anaburuta ncha ya ukwato hatua mbili tatu, halafu mguu unafyatuka na kuruka juu, naye anaendelea na safari kama hakuna kilichotokea. Saisi anasema atembezwe. Mwenye farasi anasema apumzishwe. Jirani, ambaye hakosekani penye ubishi wowote, anasema wa kwake alikatwa kano akapona siku hiyohiyo. Wote watatu wanaweza kuwa wamesema kweli, na wote watatu wanaweza kuwa wamekosea, kwa sababu hakuna hata mmoja aliyetangulia kuuliza goti hilo lina nini.

Nikisema goti, tuelewane ni wapi. Wengi wetu tukimwangalia farasi tunaona goti lake kwenye mguu wa mbele, pale unapokunjika katikati. Kwa mifupa, hapo ni sawa na kifundo cha mkono wetu, pale tunapovaa saa. Goti linalolingana na langu na lako liko nyuma, juu kabisa, pale ngozi ya ubavu inapokutana na paja. Na ile pembe inayochongoka nyuma ya mguu, chini ya goti hilo, ni kisigino chake. Farasi anatembea kwa ncha ya kidole maisha yake yote.

Ndani ya goti hilo mfupa wa paja unakutana na mfupa wa muundi, na kati yao kuna visahani viwili vya gegedu vinavyopokea mshindo. Mbele yao imekaa pia ya goti. Mpaka hapo hatutofautiani naye sana. Tofauti inaanza kwenye kano. Sisi tuna kano moja nene inayoshuka kutoka kwenye pia ya goti hadi kwenye muundi. Farasi anazo tatu: ya ndani, ya kati na ya nje. Na mfupa wake wa paja, upande wa mbele, una matuta mawili yenye mfereji katikati, ambamo pia ya goti hupanda na kushuka anapotembea. Tuta la ndani ni kubwa kuliko la nje, na limejitokeza juu kama kigingi. Farasi akitaka kusimama kwa muda mrefu huinua pia ya goti hadi juu, akaigeuza kidogo, na ule uwazi ulio kati ya kano ya ndani na ya kati ukajipachika kwenye kigingi hicho. Komeo limeingia.

Goti likishafungwa, mguu mzima umefungwa, kwa kuwa goti na kile kisigino vimeunganishwa na mikanda miwili ya misuli na kano, mmoja mbele na mmoja nyuma ya muundi, kiasi kwamba kimoja hakikunjiki bila kingine. Mguu unakuwa nguzo, na farasi anausimamia kwa nguvu kidogo sana za misuli huku mwenzake ukipumzika kwa ncha ya ukwato. Baada ya muda anabadilisha. Ndivyo anavyosinzia akiwa wima, tayari kutimua mbio akisikia kishindo. Kwa mnyama aliyeumbiwa mbuga tupu, asiye na pembe wala shimo la kujificha, hiyo ni neema kubwa.

Kulifunga komeo ni rahisi. Kazi iko kwenye kulifungua. Msuli mkubwa wa mbele ya paja unapaswa kuivuta pia ya goti juu na kuipeleka nje kidogo, ndipo ichomoke na mguu ukunjike. Msuli ukiwa mlegevu au ukichelewa kuitika, pia ya goti inabaki imekwama palepale. Huo ndio mguu tuliouona ukiburutwa asubuhi. Hakuna kilichovunjika wala kuoza, na mara nyingi hakuna hata maumivu ya maana. Kuna mtambo mzuri sana ambao mwendeshaji wake amekosa nguvu.

Ukishalielewa hilo, utabashiri mwenyewe ni farasi gani watapatwa. Ni wale wachanga walioota miguu mirefu kabla ya kuota nyama. Ni wale ambao mguu wao wa nyuma umenyooka mno kwa maumbile, pembe ya goti haionekani vizuri. Ni wale farasi wadogo wa asili ya Shetland. Ni aliyekonda ghafla baada ya ugonjwa. Na wa mwisho, ambaye huwashangaza watu, ni farasi hodari aliyekuwa akifanya kazi vizuri, akaumia mahali pengine, akafungiwa bandani majuma kadhaa ili apone. Alipotoka, jeraha limepona na goti linakwama. Misuli ya paja iliyeyuka akiwa amesimama.

Si farasi peke yao. Ng'ombe hupatwa na jambo hilohilo, na huko India madaktari wa mifugo wamezoea sana kuwashughulikia maksai na nyati wa kulimia wenye goti lililokwama. Punda nao wamo. Nawataja kwa makusudi, kwa kuwa wasikilizaji wetu wa pwani wana punda wengi kuliko farasi. Lamu hata ina zahanati ya punda tangu 1987. Mwenye punda anayeburuta ncha ya ukwato wa nyuma akishuka ngazi za mtaani asidhani mazungumzo haya ni ya matajiri wa Nairobi.

Mara nyingi hali haifiki kwenye kukwama kabisa. Pia ya goti inanasa kidogo na kuachia, inanasa na kuachia. Mpandaji anahisi mtikiso farasi anapopunguza mwendo kutoka telki kuja hatua za kawaida. Akishuka kilima anasitasita. Akigeuzwa kwa duara dogo anajikwaa nyuma. Akiambiwa aanze kukimbia kwa shoti, anarusha miguu yote miwili ya nyuma pamoja kama sungura. Na hapa ndipo dhuluma inapoingia, maana farasi wa namna hii huitwa mkaidi. Huongezewa kiboko, hubadilishiwa lijamu iwe kali zaidi, huuzwa kwa hasara. Binafsi naamini nusu ya ukaidi wa farasi ungepungua kama watu wangempapasa goti kabla ya kumpapasa kiboko.

Sasa, umekuta mguu umekwama na hauachii. Usiuvute kwa nguvu, na usisimame nyuma yake. Mshike farasi kichwani, mtulize, umrudishe kinyumenyume taratibu. Mara nyingi hatua moja ya kurudi nyuma inatosha. Ikishindikana, mtu mzoefu asimame ubavuni, aisukume pia ya goti kuelekea ndani na chini wakati mwenzake anamrudisha nyuma farasi. Ukiachia, vema. Usipoachia, au ukiachia na kukwama tena na tena siku hiyo, mwite daktari, kwa sababu kila kunasa kunakwaruza gegedu, na kano inayosuguliwa kila siku hatimaye huvimba na kuuma. Jambo lililoanza bila maumivu halibaki hivyo milele.

Tiba ya kukwama huko, kwa sehemu kubwa, ni kutembea. Najua haivutii. Mtu aliyelipa fedha nyingi kununua farasi anataka chupa au kisu, hataki kuambiwa amtembeze. Lakini msuli wa paja haunenepeshwi na sindano. Anza kwa kumwongoza kwa mkono, njia iliyonyooka, ardhi imara, dakika chache mara mbili kwa siku, kisha ongeza. Baada ya hapo tafuta mwinuko. Kupanda kilima kwa hatua za kawaida ndilo zoezi lisilo na mpinzani kwa goti hili, na wenye mazizi ya Limuru na Nanyuki wamebarikiwa vilima bila gharama. Halafu telki kwenye mstari ulionyooka, halafu miti iliyolazwa chini aivuke kwa hatua, ambayo humlazimisha kuinua miguu. Acha kumzungusha kwa kamba kwenye duara dogo, na usimfanyishe kazi kwenye mchanga mzito kabla hajapata nguvu. Zaidi ya yote, mtoe nje. Farasi anayeshinda na kulala malishoni hutembea mwenyewe mchana na usiku akitafuta majani. Hayo ni mazoezi ambayo saisi yeyote, awe hodari vipi, hawezi kumpa.

Fundi wa kwato naye ana sehemu yake. Ukwato wa mguu wa nyuma wenye ncha ndefu na kitako kilichoshuka hufanya mguu uchelewe kuondoka chini, na mguu unaochelewa ndio unaonasa. Kupunguza ncha, kuinua kitako cha ukwato kidogo, na kuzitengeneza kwato kwa wakati badala ya kungoja zipasuke, kumewatoa farasi wengi kwenye orodha ya wagonjwa bila daktari kufungua mkoba wake.

Sasa kuhusu lile jibu la jirani, la kukata kano. Ni upasuaji mdogo. Farasi husimama, hutiwa ganzi, kano ya ndani hukatwa kupitia kijitundu, na komeo halina tena cha kushikia. Kweli, mguu unafunguka siku hiyohiyo. Kwa miaka mingi ulifanywa kama jambo la kawaida kabisa. Lakini kano ile haikuwekwa pale kwa ajili ya kusinzia tu. Inaiongoza pia ya goti isiyumbe ndani ya mfereji wake. Mwaka 1989 watafiti wa Colorado State University nchini Marekani, akiwemo daktari wa upasuaji Wayne McIlwraith, walichapisha matokeo ya jaribio la kuikata kano hiyo kwa farasi wazima wasio na tatizo lolote. Farasi hao wakaota kasoro kwenye pia ya goti, mpaka ncha yake ikameguka. Tangu hapo madaktari waangalifu huuweka mkasi mwisho wa foleni, na anayekatwa hupewa miezi ya kupumzika kabla ya kurudi kazini, hata kama anatembea vizuri kesho yake. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ikaja njia ya upole zaidi: badala ya kuikata, kano inachanjwa kwa urefu wake, ili ipate makovu, inenepe na isijipachike kwa urahisi. Nayo inataka mazoezi baadaye. Hakuna njia ya kulikwepa lile zoezi la kilima.

Mpaka sasa nimekuwa upande wa saisi, kwamba atembezwe. Nigeuke kidogo nimtetee mwenye farasi.

Kuna magoti ambayo ukiyatembeza unayaua. Chukua kwanza farasi mchanga, ambaye hata kazi hajaanza, na goti lake limejaa maji. Ukiweka vidole chini ya pia ya goti, kati ya zile kano, unakuta mfuko laini unaobonyea, ambao upande wa pili haupo. Mara nyingi hapo gegedu limeshindwa kugeuka mfupa mzima wakati wa kukua, na kipande chake kinabanduka. Mahali panapopendelewa na ugonjwa huu ndani ya goti ni lile tuta la nje la mfupa wa paja. Farasi mwingine, pengine wa mwaka mmoja hadi mitatu, anachechemea bila uvimbe wa kuonekana, na picha ya eksirei inaonyesha shimo ndani ya mfupa, upande wa ndani wa goti, pale uzito unaposhukia. Hilo la shimo limesumbua mno ulimwengu wa farasi wa mbio, ambao hutiwa matandiko wakiwa bado watoto. Madaktari wamelikwangua, wamelichoma dawa, na mwaka 2015 Elizabeth Santschi na wenzake wakaeleza njia ya kupitisha skrubu kwenye mfupa kukatiza shimo lenyewe ili mfupa uchochewe kujijaza. Ukimpeleka mtoto huyu kilimani kumjenga misuli, unasaga kinachotakiwa kupona.

Asili ya maradhi haya ya ukuaji ina mambo mengi: ukoo, ukubwa wa mwili, kasi ya kukua, na lishe. Kwenye ukoo mfugaji anachelewa. Kwenye lishe anaweza kufanya jambo leo. Mtoto anayeshindiliwa nafaka ili awahi kuwa mkubwa siku ya mnada anakua haraka kuliko mifupa yake. Halafu kuna pumba. Pumba zina fosforasi nyingi na kalisi kidogo sana, na farasi anayeishi kwa pumba huanza kuitoa kalisi mifupani mwake mwenyewe. Na kuna lile jani letu la nyanda za juu, nyasi ya kikuyu, iliyosambaa mpaka Australia na Afrika Kusini. Ng'ombe hustawisha maziwa kwa nyasi hiyo. Lakini ina asidi inayoifunga kalisi tumboni, na tumbo la farasi haliwezi kuifungua kama la ng'ombe, hivyo farasi wanaokula hiyo peke yake kwa muda mrefu, huko Australia, wamepatikana na mifupa milegevu na vichwa vilivyovimba. Sisemi nyasi hiyo ndiyo inayoleta ugonjwa wa goti. Nasema mtoto wa farasi anayejenga mifupa kwa nyasi ya kikuyu na pumba anajengewa nyumba bila saruji. Mpe lusani, mpe chokaa ya mifugo kwa kipimo cha daktari.

Goti la pili la kuogopwa ni la farasi mkubwa wa kazi: anayeruka viunzi, au wa polo kule Gilgil, anayesimama ghafla na kugeuka juu ya mguu mmoja. Huyu anachana kisahani cha gegedu au kano zinazopishana katikati ya goti. Wapenzi wa kandanda hawahitaji maelezo. Wameona nyota wangapi wakibebwa kwa machela kwa jeraha hilo? Tofauti ni kwamba mchezaji anaweza kulala kitandani, na farasi wa kilo 500 hawezi kulazwa. Daktari Mwingereza John Walmsley na wenzake walichapisha mwaka 2003 taarifa ya farasi 80 waliochanika visahani vya goti na kutibiwa kwa kupitisha kamera ndogo ndani ya kiungo. Waliorudi kwenye kazi zao kikamilifu walikuwa 47 kwa mia. Waliochanika kidogo walifikia 63 kwa mia, na wenye mchaniko mbaya kabisa 6 kwa mia tu. Hayo ni matokeo ya mikono bora na vifaa bora. Kwa hiyo anayekuuzia unga wa kulamba wa kutibu goti lililochanika, mwulize yeye angekuwa wapi kwenye hesabu hiyo.

Basi utajuaje lipi ni lipi? Kwa macho peke yake, mara nyingi hutajua, na hata daktari anahangaika. Kile kipimo cha kuukunja mguu wa nyuma kwa dakika moja kisha kumkimbiza farasi kinaonyesha kuna maumivu. Hakionyeshi yako wapi, kwa sababu, kama nilivyosema, goti halikunjiki bila kisigino. Farasi wengi wametibiwa kisigino kwa ugonjwa wa goti. Daktari makini atatia ganzi ndani ya kiungo chenyewe, na atakumbuka goti la farasi lina vyumba vitatu. Akitia kimoja na farasi akaendelea kuchechemea, hajamaliza uchunguzi. Akiacha kuchechemea, ndipo picha zinafuata: eksirei kwa mfupa, na mashine ya mawimbi ya sauti, ileile wanayopimiwa wajawazito, kwa kano na visahani. Ukimsikia mtu anachoma sindano ya goti kabla ya hayo yote, kwa kuwa Jumapili kuna mbio pale Ngong, jua anatibu kalenda. Isitoshe, sindano ya kiungo isiyotiwa kwa usafi kamili inaweza kuingiza vijidudu, na goti lenye usaha ni dharura ambayo farasi wengi hawatoki nayo.

Dawa za kutuliza maumivu zina mahali pake. Fenilibutazoni ni ya bei nafuu na inafanya kazi. Lakini ikitolewa kwa mazoea inachimba vidonda tumboni na kuumiza figo, na ubaya mwingine ni kwamba farasi aliyefichiwa maumivu huendelea kulisaga goti bila kujua.

Kuna dalili moja ambayo watu huipita. Nilisema farasi husinzia wima. Lakini usingizi ule mzito, wa ndoto, hauwezi kumjia akiwa amesimama. Lazima alale chini, walau kwa muda mfupi kila siku. Farasi mwenye goti linalouma anaogopa kulala kwa sababu anaogopa kuinuka. Anakaa siku kadhaa bila usingizi huo, kisha anazidiwa, anaanza kuanguka mbele akiwa amesimama, na kujishtua. Utamkuta na michubuko mbele ya vifundo vya miguu ya mbele ambayo hakuna anayejua ilitoka wapi, na watu watasema kapigana bandani. Angalia pia majani makavu au vumbi kwenye ubavu wake asubuhi. Ubavu safi kila siku si sifa ya saisi. Huenda farasi hajalala.

Kwa hiyo ukimpigia daktari simu, usimwambie tu farasi anachechemea. Mwambie ana umri gani, na alisimama bandani muda gani kabla ya hili kuanza. Mwambie mguu unakwama ukiwa umenyooka nyuma au anaugusisha chini kwa ncha tu. Mwambie goti limejaa maji au limekauka sawa na mwenzake, anashuka kilima vipi, anarudi nyuma vipi, anakula nini, na mara ya mwisho kumwona amelala chini ilikuwa lini. Na mpaka atakapofika, farasi anayekwama bila uvimbe wala maumivu aendelee kutembea malishoni. Mwenye goti lililojaa maji, au asiyetaka kukanyaga, asitolewe bandani.